Siku Nzima Maktabani: Kiti cha Msomaji katika Historia ya Afrika Mashariki

Mwanafunzi wangu mmoja wa mwaka wa pili alinikuta, alasiri moja ya siku ambayo sina kipindi, nimeketi katika maktaba ya umma hapa Kampala. Mbele yangu palikuwa na kitabu kimoja tu, wala sikuwa na kalamu. Akanisalimu kwa adabu, akasita kidogo, kisha akaniuliza: "Mwalimu, kwani na wewe una mtihani?"

Nilicheka, lakini swali lile lilinifuata hadi nyumbani. Kwa vijana wengi tunaowafundisha, maktaba ni mahali pa kukimbilia wiki mbili kabla ya mitihani. Mtu huenda huko na madaftari yake mwenyewe, hukalia kiti cha maktaba, hutumia taa ya maktaba, na huondoka bila kugusa hata kitabu kimoja cha maktaba. Kwamba mtu mzima, mwenye kazi na familia, anaweza kwenda kukaa kutwa nzima akisoma kwa raha zake, hilo huonekana ama ni ugonjwa ama ni uvivu.

Makala haya yanakusudia kueleza historia ya jambo hilo dogo, yaani kiti cha msomaji katika maktaba ya umma, hasa katika nchi hizi zetu za Afrika Mashariki. Nitaanza na siku moja ya maisha yangu, kwa kuwa ndiyo iliyonifanya nianze kuuliza.

Ilikuwa mwaka 2007, nikisomea shahada ya uzamili Dar es Salaam. Katikati ya muhula tulipata mapumziko mafupi. Wenzangu wa Tanzania walikwenda kwao, nami nauli ya kwenda Uganda na kurudi sikuwa nayo. Jumatano moja nikapanda daladala hadi Posta, nikatembea kwa miguu mpaka Maktaba Kuu ya Taifa katika Barabara ya Bibi Titi Mohamed. Sikuwa na mada ya kutafiti. Nilitaka tu kivuli na mahali pa kukaa, maana joto la Dar ndugu zangu wa milimani mnalijua.

Niliacha mkoba mlangoni, nikaingia, nikawa nazunguka kati ya rafu kama mtu aliye sokoni bila fedha. Nikatoa kitabu chembamba kilichochakaa jalada: *Mzimu wa Watu wa Kale*, cha Muhammed Said Abdulla. Darasani tulikuwa tumekitaja katika orodha ya riwaya za upelelezi, mwaka wa kuchapishwa na jina la mwandishi, basi. Hakuna aliyetwambia kuwa kinachekesha. Nilikaa nacho saa tatu asubuhi, na niliponyanyua kichwa adhana ya adhuhuri ilikuwa inasikika nje. Nilikuwa nimecheka peke yangu mara kadhaa, hata mzee aliyeketi meza moja nami akawa ananitazama juu ya miwani yake.

Hapa inanipasa nieleze jambo ambalo wasomaji wa nje ya Uganda huenda wasilielewe upesi. Mimi nilikulia katika nyumba ambamo Kiswahili kilikuwa lugha ya amri. Wazazi wetu walikisikia kutoka kwa askari kwenye vizuizi vya barabarani, na walipokisema wao, walikisema kwa hofu au kwa kumtania mtu. Baadaye nilikisomea, nikafaulu, nikajua ngeli na vitenzi na nadharia za fasihi. Lakini ilikuwa bado lugha ya kupatia alama. Siku ile, nikiwa na Bwana Msa na kiko chake, kwa mara ya kwanza nilisoma Kiswahili bila mtu yeyote kunidai jibu. Tangu hapo sijawahi kukiona tena kuwa lugha ya kambini.

Yule mzee alipokunja gazeti lake nilimwamkia. "Shikamoo, mzee." "Marahaba, mwanangu. Bwana Msa huyo, sivyo? Nilijua kwa kicheko." Tukatoka nje kunywa chai, naye akanisimulia kwamba alipokuwa kijana mkoani, kabla ya Uhuru, vitabu vilikuwa vinamfikia kwa posta. Unaandika barua, unaletewa kitabu, ukimaliza unakirudisha kwa posta ile ile. "Maktaba yetu ilikuwa karani wa posta," alisema. Nilidhani ananitania.

Hakuwa ananitania. Mwaka 1948 Halmashauri Kuu ya Afrika Mashariki, chombo cha Waingereza kilichosimamia huduma za pamoja za Kenya, Uganda na Tanganyika, iliunda idara ya vitabu iliyojulikana kwa Kiingereza kama East African Literature Bureau. Pendekezo lilitokana na ripoti iliyoandikwa na Elspeth Huxley, na mkurugenzi wake wa kwanza akawa Charles Granston Richards. Idara ile ilichapisha vitabu kwa Kiswahili, Kiganda, Kikuyu, Kijaluo na lugha nyingine nyingi, lakini pia ilikopesha vitabu. Ilipeleka masanduku ya vitabu vijijini, yakakaa shuleni au katika ukumbi wa ustawi wa jamii, kisha yakabadilishwa. Na kwa aliyekaa mbali na sanduku, kulikuwa na maktaba ya posta.

Idara hiyo hiyo ndiyo iliyoendesha mashindano ya uandishi wa hadithi za Kiswahili ya mwaka 1957 na 1958. Mshindi wa kwanza alikuwa Muhammed Said Abdulla, Mzanzibari aliyekuwa mhariri wa gazeti la Mkulima, na hadithi iliyoshinda ikachapishwa na idara hiyo mwaka 1960. Ndicho kile kitabu nilichokuwa nikikisoma. Yaani mkono uliomletea yule mzee vitabu kwa posta ndio uliomtoa Bwana Msa duniani. Nilirudi ndani kutazama ukurasa wa mwanzo, nikaliona jina la mchapishaji. Nilikuwa nimelipita asubuhi bila kulisoma, kama wanafunzi wengi wafanyavyo.

Lakini kwa nini posta na masanduku? Kwa nini mtu wa wakati ule asiende tu kuketi, kama nilivyoketi mimi? Jibu fupi ni kwamba viti vilikuwapo, ila havikuwa vyake.

Historia ya maktaba za umma katika eneo letu kwa kawaida huanzia Mombasa, mwaka 1903, ilipoanzishwa Maktaba ya Seif bin Salim pamoja na chumba cha kusomea bila malipo. Ni jambo la kufurahisha kwamba mwanzo wenyewe uko pwani, kwa jina la Kiarabu, na kwamba neno la bila malipo lilikuwa sehemu ya jina lake. Hata neno letu maktaba ni la Kiarabu, linatoka katika shina moja na kitabu na katibu na mkutubi. Waswahili wenye nasaba na elimu walikuwa na hati zao majumbani karne nyingi kabla ya hapo, tenzi zilizoandikwa kwa khati za Kiarabu zikiazimwa na kunakiliwa. Tofauti ni kwamba hati hizo zilisomwa kwa mwenye nyumba. Kiti cha umma ni kitu kingine.

Nairobi ilikuwa na habari yake. Mwaka 1925 alifariki Sir William Northrup McMillan, tajiri aliyezaliwa Marekani, akawa mlowezi mkubwa Kenya, na akazikwa kwenye miteremko ya Ol Donyo Sabuk. Mjane wake, Lucie, alijenga maktaba ya kumkumbuka, kwa msaada wa Shirika la Carnegie la Marekani, na ikafunguliwa mwaka 1931. Jengo lingalipo katika Mtaa wa Banda, jirani na Msikiti wa Jamia, lina nguzo kubwa na simba wawili wa mawe mlangoni. Aliyepita hapo hawezi kulisahau. Lakini kwa takriban miaka thelathini ya mwanzo, waliopita kati ya simba wale kwenda kusoma walikuwa Wazungu tu. Mwafrika aliyeingia aliingia na ufagio.

Nilipokwenda Nairobi kwa kongamano miaka michache iliyopita, nilitoroka kikao cha mchana (wenzangu mnisamehe) nikaenda kukaa pale. Nilikaa karibu na dirisha, nikisoma magazeti ya zamani. Kijana mmoja kando yangu alikuwa amelala usingizi, kichwa juu ya kitabu cha hesabu. Mkutubi alimpita mara mbili bila kumwamsha. Nilifikiri juu ya usingizi ule kuliko juu ya magazeti. Katika jengo ambamo babu yake asingeruhusiwa hata kusimama, kijana huyu analala kama yuko kwao.

Waasia wa Nairobi, waliokuwa wamefungiwa mlango huo huo, walijijengea ya kwao, kwa jina la Manilal Desai, mwanasiasa na mwanahabari aliyefariki mwaka 1926. Ndivyo ukoloni ulivyogawa kila kitu: hospitali, shule, treni, na hata ukimya wa chumba cha kusomea. Ilipofika mwaka 1962, mwaka mmoja kabla ya Uhuru wa Kenya, Baraza la Jiji la Nairobi lilichukua Maktaba ya McMillan na kuifanya ya watu wote. Mitaa ya mashariki ya jiji, walikokaa wafanyakazi, nayo ikapata matawi, Kaloleni na Makadara. Tangu mwaka 2018 matawi hayo na jengo kuu yamo katika mpango wa ukarabati wa serikali ya kaunti pamoja na taasisi ya Book Bunk, iliyoanzishwa na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, wanawake wawili wa vitabu. Wanasema walipoanza walikuta pia nyaraka na picha nyingi zinazohitaji kuokolewa.

Mabadiliko ya kisheria yalikuja kwa haraka mno, na yalianza na ripoti moja. Mwaka 1960 S. W. Hockey, aliyekuwa mratibu wa maktaba, alitoa ripoti kuhusu maendeleo ya huduma za maktaba Afrika Mashariki. Alishauri kila nchi iwe na bodi ya taifa itakayofikisha vitabu kwa wananchi wote. Ripoti nyingi za wakati ule zimeliwa na mchwa, lakini hii ilitekelezwa: Tanganyika ilitunga sheria ya bodi ya maktaba mwaka 1963, Uganda mwaka 1964, Kenya mwaka 1965. Kila nchi, ikiwa changa, na matatizo yote ya shule na zahanati na barabara, ilipata nafasi ya kupitisha sheria inayohusu mahali pa kusomea. Ukiwasimulia wanafunzi hili huwa hawaamini.

Tanzania ndiyo iliyolivalia njuga. Mwingereza E. M. Broome, mkurugenzi wa kwanza wa huduma za maktaba, aliweka misingi, na baadaye kazi ikashikwa na Mtanzania, Ezekiel Kaungamno. Tarehe 9 Desemba 1967, siku ya maadhimisho ya Uhuru, Rais Julius Nyerere alifungua jengo la Maktaba Kuu ya Taifa. Azimio la Arusha lilikuwa na miezi kumi tu. Siku kama ile kiongozi angeweza kufungua kiwanda au daraja, na hakuna ambaye angemlaumu. Yeye alifungua maktaba. Miaka iliyofuata, kampeni ya kisomo cha watu wazima ilipopamba moto, maktaba za vijiji ziliwekwa ili aliyejifunza kusoma asisahau, na magazeti ya vijijini kama Elimu Haina Mwisho yakachapishwa kwa maneno mepesi na herufi kubwa.

Nimelitaja hilo kwa sababu ya lugha. Mkulima wa Tanzania aliyejua kusoma mwaka 1975 alisoma kwa Kiswahili, na vitabu vilivyomfuata kijijini vilikuwa vya Kiswahili. Kwa hiyo kitabu kile chembamba nilichokitoa kwenye rafu hakikuwa kimefika hapo kwa bahati. Kulikuwa na watu walioamua kiwepo, wakakinunua, wakakipiga muhuri, wakakishona kilipochanika. Nilikihesabia mishono minne kwenye mgongo.

Nasi Uganda? Watu husema Uganda haikuwa na habari na Kiswahili, na katika jambo hili watu hukosea. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1930 Dar es Salaam ili kusanifisha Kiswahili, ilihamia Nairobi mwaka 1942, na mwaka 1952 ikaja Makerere. Naam, hapa hapa Kampala. Kwa takriban miaka kumi makao makuu ya utafiti wa Kiswahili yalikuwa juu ya kilima hiki tunachokipanda kila asubuhi tukihema. W. H. Whiteley alifanyia kazi hapa, na katika miaka ile, 1958 na 1959, jarida la kamati lilitoa kama nyongeza maisha ya Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, kama alivyoyaeleza mwenyewe kwa Kiswahili. Kisha kamati ikaondoka, ikapitia Mombasa, na mwaka 1964 ikawa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kilichokuwa kimeanza kukusanyika hapa kikawa cha wengine. Sisemi waliibeba kwa hila. Sisi wenyewe hatukuishika.

Bodi yetu ya maktaba za umma iliyoundwa mwaka 1964 ilianza kwa matumaini, ikichukua kazi iliyokuwa ikifanywa na idara ile ya vitabu, na ikapata makao katika Barabara ya Buganda. Miaka ya 1970 ilikuja na mambo yake. Fedha za kigeni zilipoadimika, kitabu kipya kikawa anasa. Mwaka 1973 Idi Amin alitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa, lakini tangazo halinunui vitabu, tena kutangazwa na utawala ule kuliizidishia lugha sifa mbaya. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na ile idara ya vitabu ikafa pamoja nayo, majengo na haki za vitabu zikabaki Kenya na kurithiwa na Kenya Literature Bureau. Mwaka 1997 sheria ya serikali za mitaa iliziweka maktaba za umma mikononi mwa wilaya, na wilaya yenye barabara mbovu na zahanati isiyo na dawa haina haja ya kuulizwa itatanguliza nini. Sheria ya Maktaba ya Taifa ya mwaka 2003 ndiyo iliyochukua nafasi ya ile ya 1964.

Majirani wengine hawakukaa. Kigali haikuwa na maktaba ya umma ya aina hii hadi mwaka 2012, ilipofunguliwa ile iliyoanzishwa kwa juhudi za wanachama wa Rotary wa mji huo. Wenzetu wanaofundisha huko huniambia kwamba Jumamosi kupata kiti ni kuwahi.

Sasa nirudi kwa mwanafunzi wangu. Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda lilipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na kuagiza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Tulishangilia katika idara, na ilitustahili. Tangu wakati huo tunaulizwa walimu watatoka wapi, vitabu vya kiada vitatoka wapi, mitihani itatungwaje. Sijasikia mtu akiuliza kijana wa Mbale au wa Mbarara, aliyemaliza kitabu cha kiada na kukichukia, atakwenda kuketi wapi asome hadithi ya Kiswahili ambayo haimo katika mtihani.

Alasiri ile nilimwonyesha rafu ya Kiswahili ya maktaba tuliyokuwamo. Ilikuwa rafu moja, haikujaa. Tulihesabu pamoja: kamusi tatu, moja haina herufi za mwisho kuanzia W, vitabu vya sarufi, miongozo ya tamthilia zilizowahi kutahiniwa Kenya, lakini tamthilia zenyewe hazikuwapo, na Biblia mbili. Riwaya ilikuwa moja, haina jalada, nayo ndiyo niliyokuwa nikiisoma. Simlaumu mkutubi, mama mpole anayefuta vumbi kila asubuhi kwa kitambaa chake mwenyewe. Aliniambia kwamba vitabu hivyo karibu vyote vililetwa na watu waliohama.

Mwanafunzi aliniuliza riwaya ile inahusu nini. Nikamwambia sitamwambia, akae asome. Akatazama saa, akatazama simu, akaketi. Mimi nikachukua gazeti. Mvua ilikuwa imeanza, ile mvua yetu ya Kampala ambayo hata bodaboda huisimamia chini ya miti, na hapakuwa na pa kwenda. Baada ya kama nusu saa nikamsikia akicheka kidogo, akajizuia, akaangalia pembeni kama mtu aliyekosea.

Wiki iliyofuata nilimwazima nakala yangu mwenyewe ya *Mzimu wa Watu wa Kale*, niliyoinunua Dar es Salaam kwa muuza vitabu vya mitumba siku chache kabla ya kurudi nyumbani. Nilimwambia ni ya wiki moja. Hii ni wiki ya tano. Nikimdai ananiambia kwamba sasa iko kwa mwenzake wa bwenini, na huyo mwenzake naye, nasikia, amempa dada yake.